Kipande Namba 41 Bado Kipo Ubaoni

Ndugu, jamaa na marafiki, kaka yangu alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Februari 1968, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mimi. Kwenye karatasi ya rangi mliyopewa getini imeandikwa tarehe 17. Naomba muikunje muiweke mfukoni. Imeandikwa na kampuni aliyoifanyia kazi, na mtu asiyejua hata siku aliyozaliwa marehemu hawezi kunifundisha siku zake nyingine. Ninayosoma ni hii niliyoiandika mwenyewe, kwa kalamu, mezani kwa mama.

Baba yetu alikuwa fundi wa majokofu. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kwa hiyo tulikula, tukasoma na kugombana katikati ya majokofu ya watu. Kaka alipokuwa na miaka tisa, baba alikuwa amelifunga jokofu la jirani kwa kamba tayari kulirudisha, kaka akasimama mlangoni na kutanua mikono. "Bado," akasema. Baba akauliza bado nini tena, mbona linagandisha vizuri? Kaka akamwambia likizima linatoa mlio mara mbili, na zamani lilikuwa linatoa mara moja. Baba alikasirika, lakini akalifungua, na ndani akakuta waya uliokuwa umeungua nusu. Kuanzia siku hiyo jina la nyumbani likawa Bado. Hata kazini walimwita Bwana Bado, na wengine nina hakika hawakulijua jina lingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari, kisha chuo cha ufundi alichomaliza mwaka 1989 akiwa na cheti cha mitambo ya baridi. Hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa mwisho kutoka kwenye chumba cha mtihani, kila mara, mpaka msimamizi amnyang'anye karatasi. Mimi ni mwalimu, nimesahihisha mitihani miaka ishirini na sita, na watoto wa namna ile wananichosha sana. Nawaheshimu lakini.

Tarehe 22 Agosti 1992 alifunga ndoa na wifi yangu huyu mnayemwona hapa, fundi cherehani. Siku ile msajili aliwapa kitabu watie sahihi. Wifi akatia. Kaka akaanza kusoma. Alisoma ukurasa wote, akageuza, akasoma na maandishi madogo ya nyuma, watu wamesimama, viatu vinabana. Wifi akamuuliza, "Unakagua nini, mimi au karatasi?" Akajibu bila kuinua macho, "Karatasi. Wewe nilishakukagua." Ndipo akatia sahihi. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye leo ni muuguzi na kijana anayeendesha kreni.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kiwanda cha maziwa. Alikaa miaka kumi na tisa akikagua mabomba ya baridi na vali zake. Halafu Jumatatu, tarehe 4 Januari 2010, akaajiriwa na kampuni binafsi iliyokuwa imeanza kutengeneza roketi. Tulimcheka sana, jamani. Nilimuuliza, "Kaka, umetoka kwenye mtindi unaenda mwezini?" Akasema baridi ni baridi, tofauti ni kwamba oksijeni ya roketi ni baridi kuliko maziwa, na ikikasirika haimwagiki tu sakafuni.

Siku zile kampuni ilikuwa karakana moja kubwa yenye bati linalovuja, na Mkurugenzi alikuwa na meza yake humo humo ndani, karibu na mashine ya kukatia mabomba. Nampa haki yake. Alikuwa anajua jina la kila mtu na watoto wa kila mtu. Na ni yeye, si mwingine, aliyeleta utaratibu wa ubao.

Nieleze ubao, maana kila kitu kinakuja kuangukia hapo. Mlangoni mwa karakana kuna ubao wa misumari. Kila mkaguzi amepewa vipande viwili vya shaba vyenye namba moja. Akianza kukagua kitu, anatundika kipande kimoja ubaoni, cha pili anatembea nacho. Akiridhika, analeta kile cha pili, anakiweka kando ya mwenzake, anaviondoa vyote kwa mkono wake mwenyewe. Ubao ukiwa na kipande hata kimoja, roketi hairuki. Mkaguzi mmoja aliwahi kufa kwa ajali ya barabarani na kipande chake kikabaki, Mkurugenzi akaongeza kanuni: mkaguzi akifa, ndugu yake wa karibu aletwe, aelezwe yote kuhusu kazi ile, kisha aseme mbele ya wafanyakazi kama marehemu aliridhika au hakuridhika. Aliiandika kwa mkono wake na kuibandika juu ya ubao. Kaka alikuwa akiisifu kanuni ile nyumbani mpaka chakula kinapoa.

Namba ya kaka ilikuwa 41. Mwaka 2014 alikiacha kipande chake ubaoni siku kumi na moja kwa sababu ya bomba moja, na wateja wanapiga simu, na Mkurugenzi akangoja. Siku ya kumi na mbili kaka akauonyesha ufa mwembamba kama unywele. Mkurugenzi alimkumbatia mbele ya watu wote, akasema, "Mzee Bado, ukiwepo wewe mimi nalala." Kaka aliirudia sentensi hiyo kwa miaka mingi. Nadhani aliipenda kuliko cheti chochote.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyobadilika, maana hayakubadilika siku moja. Kwanza meza ya Mkurugenzi iliondoka karakanani, ikapelekwa ghorofa ya tisa ya jengo la ng'ambo ya barabara. Kisha wakaanza kuuza viti kwa abiria. Kisha juu ya ubao wa vipande ikawekwa saa kubwa yenye taa nyekundu, inayohesabu siku kurudi nyuma hadi siku ya kuruka. Mwezi Oktoba 2023 roketi moja ililipuka ikiwa angani, bahati nzuri haikuwa na mtu, na Mkurugenzi akasema kwenye vyombo vya habari kwamba "tumejifunza mengi." Kwenye mkutano wa wafanyakazi kaka alinyoosha mkono akauliza, "Tumejifunza nini? Naomba tuyataje moja moja." Alinisimulia kwamba mtu mmoja alisema muda umekwisha.

Mimi niliposikia hivyo nilianza kushuku. Kaka hakushuku. Alisema, "Mkubwa ana mambo mengi kichwani, mwenyewe ni mtu mzuri." Tulikuwa hivyo tangu utoto. Yeye alishuku vitu, mimi nilishuku watu.

Jumatano, tarehe 9 Aprili mwaka huu, alitundika kipande chake kukagua vali kuu ya oksijeni ya roketi itakayobeba watu kwa mara ya kwanza. Rubani mmoja na abiria watatu. Walifanya majaribio arobaini kwenye baridi kali. Vali ilijifunga vizuri mara thelathini na tisa. Jaribio la ishirini na saba ilichelewa sekunde mbili. Sekunde mbili kwetu mimi na ninyi ni kupiga chafya. Kaka aliniambia kwa injini ile ni muda wa kutosha kuwaua wote wanne.

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho. Nimeyapata kwa mchomeleaji wa pale wanayemwita Cheche, ambaye alikuwa amesimama hatua tatu tu, naye ameniruhusu nimtaje. Mkurugenzi alishuka kutoka ghorofa ya tisa, mara ya kwanza baada ya miezi, akasimama mbele ya kaka chini ya ile saa.

"Mzee Bado, mara moja kati ya arobaini?"

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Hiyo si kitu."

"Hiyo moja ndiyo niliyoajiriwa kuitafuta."

"Unaweza kuniambia kwa nini ilichelewa?"

"Bado sijajua."

"Basi kama hujui, huna hoja."

"Kama sijui, ndiyo hoja yenyewe. Nipe wiki sita niifungue."

Mkurugenzi akaitazama saa. Cheche anasema hakupaza sauti hata kidogo. Alisema tu, "Umechoka, mzee wangu. Tutakutafutia sehemu ya kupumzika." Tarehe 22 Aprili kaka akahamishiwa stoo, chini kabisa, kupanga skrubu kwenye visanduku. Kipande namba 41 kikabaki ubaoni, maana mwenyewe hakukiondoa.

Karatasi ya kampuni, ile iliyo mifukoni mwenu, inasema aliomba mwenyewe kuhamia stoo "kwa sababu za kiafya." Kadi yake ya hospitali ninayo hapa mkononi. Inaanza tarehe 21 Mei, siku aliyoanguka kwenye ngazi za stoo. Kwa hiyo aliomba uhamisho mwezi Aprili kwa ugonjwa wa mwezi Mei. Mwanafunzi akiniletea jibu kama hilo namwita mzazi wake.

Alilazwa wiki tatu. Sitasema kampuni ilimuua, kwa sababu sina ushahidi, na kaka angefufuka anikosoe. Nilimuuliza daktari mara tatu, kwa njia tatu tofauti, na mara zote tatu alinijibu kwa upole, "Ni moyo, Mwalimu." Nimekubali. Siku hizi nakubali vitu vichache, lakini hicho nimekubali.

Na kwa kuwa nawashuku wengine, nijitaje na mimi. Tarehe 1 Juni nilikaa kando ya kitanda chake, nikamwona amekonda, simu inaita kila saa kutoka kazini, nikamwambia, "Kaka, si ukaondoe tu hicho kipande upumzike?" Nilisema hivyo, mimi, kwa mdomo huu. Akaniuliza, "Wewe umewahi kumpa mtoto alama ambazo hakuzipata?"

Nikamwambia ukweli. "Nimewahi. Mara mbili."

Akacheka mpaka mashine ya kando ikaanza kulia na muuguzi akaja mbio. Alipopata pumzi akasema, "Hao walipanda darasa tu, mdogo wangu. Hawa wangu wanapanda juu." Naona aibu ya maneno yangu yale hadi sasa, na nitaendelea kuiona.

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wifi akiwa amemshika mguu na binti yake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Saa saba mchana siku hiyo hiyo, kabla hata hatujawapigia simu ndugu wa mbali, watu wawili wa kampuni walikuwa sebuleni kwetu. Walileta shada la maua na orodha. Kwenye orodha: kitambulisho, glavu, na kipande cha shaba namba 41. "Ni mali ya kampuni tu, Mama," wakamwambia mama yetu, ambaye ana miaka themanini na moja. Mama akapapasa meza kama kipofu. "Macho yangu, wanangu. Macho yangu siku hizi, mimi hata nyinyi nawaona ukungu." Wakaondoka wakimhurumia. Mama huyo huyo asubuhi alikuwa ametunga uzi kwenye sindano kwa jaribio moja tu, bila miwani, akakishonea kipande kile ndani ya mkono wa blauzi yake, kwa sababu kaka alikuwa amempa hospitalini na kumwambia asimpe mtu.

Siku iliyofuata alikuja mkuu wa mawasiliano wa kampuni. Kijana mtaratibu, viatu vinang'aa. Akasema kampuni imejitolea kuandika wasifu na kuuchapisha, sisi familia tutie sahihi tu chini, nami nitausoma hapa makaburini. Nilimshukuru. Kweli nilimshukuru, nilikuwa nimechoka. Kisha nikakaa kuusoma, na kwenye aya ya mwisho nikakuta hivi: "Aliondoka akiwa ameridhika na kazi zote zilizokuwa mikononi mwake."

Sentensi nzuri. Nusura nilie. Lakini mimi kazi yangu ni kujua jibu la kunakili. Mtu anayemlilia mwenzake hasemi "kazi zote zilizokuwa mikononi mwake." Hiyo ni lugha ya fomu.

Nikamjaribu. Nikamwambia, "Hii aya ya shule ni ndefu."

"Tunaitoa, Mwalimu."

"Na ya harusi, mmeikosea."

"Tunaitoa pia. Hakuna shida."

"Na sentensi hii ya mwisho, haifanani na kaka yangu."

 Akaweka kalamu chini. "Hiyo ingefaa ibaki."

"Kwa nini?"

"Ni ya kawaida tu, Mwalimu. Inafariji."

"Basi kama ni ya kawaida, tuitoe."

"Hiyo ibaki," akasema, na shingo ikaanza kumtoka jasho. Jamani, mtu anakubali kufuta shule ya marehemu, anafuta mpaka mke, ila mstari mmoja ndio hauguswi! Nikamwambia aniachie nitafakari, nikampigia simu Cheche. Cheche aliposikia ule mstari akasema, "Mwalimu, usiusome. Hiyo ni kanuni ya ubao."

Ndipo nikaelewa. Ndugu wa karibu, mbele ya wafanyakazi, aseme kama marehemu aliridhika. Hapa makaburini leo wapo wafanyakazi wa kampuni kama themanini. Wamepewa mabasi, wamepewa ruhusa ya siku nzima, mkadhani ni upendo. Mimi ningeusoma ule mstari kwa machozi, sahihi ya familia iko chini, na Jumatatu kipande namba 41 kingeng'olewa msumarini kihalali kabisa.

Nilimuuliza Cheche, mbona Mkurugenzi asikiondoe tu kwa nguvu, nani atamzuia? Akaniambia haiwezekani, kwa sababu ubao wenyewe ndio wanaouzia viti. Kila abiria anapelekwa mbele yake, anapigwa picha, anaahidiwa kwamba siku ya kuruka ataukuta mtupu. Hawawezi kuuvunja. Wanaweza tu kututumia sisi. Wanaruka Alhamisi, tarehe 19 Juni. Siku tano kutoka leo.

Na jambo lililoniuma ni kwamba kanuni inasema ndugu aelezwe yote kwanza. Mimi hakuna aliyenieleza kitu. Jaribio la ishirini na saba nimelipata kwa kaka kitandani, na mengine kwa mchomeleaji. Mkurugenzi, uko hapa mbele, umekaa kiti cha kwanza, nakuona umeinamisha kichwa. Sijui kama ni huzuni. Ningependa iwe huzuni, maana kaka alikupenda. Kile kikaratasi cha kanuni ulichokiandika kwa mkono wako, alikinakili, alikuwa nacho kwenye pochi karibu na picha ya watoto wake. Tumekikuta.

Basi naitimiza kanuni yako. Mimi ni ndugu yake wa damu, mama yetu yupo kando yangu, wafanyakazi wapo. Nasema kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie, na Cheche anaandika saa: kaka yangu hakuridhika. Hakuridhika tarehe 9 Aprili, hakuridhika alipokuwa stoo, hakuridhika siku anakufa. Aliomba wiki sita akanyimwa. Mwenye kutaka kipande chake cha pili aje na vali iliyofunguliwa, aje na sababu ya sekunde mbili, atuite sisi familia karakanani atueleze. Siku akitueleza tukaelewa, mama mwenyewe atakichomoa mkononi mwake.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, watoto wawili, na mdogo wake mmoja ambaye ndiye msomaji. Ameacha pia rubani mmoja, yule mama aliyesimama peke yake kule nyuma karibu na geti, ambaye amekuja bila basi la kampuni na ambaye nilimsalimia asubuhi bila kumjua. Na ameacha abiria watatu ambao hatujawaona, wala hawajui kwamba leo kuna msiba. Nimewaweka kwenye orodha ya familia kwa sababu hakuna watu aliowafikiria zaidi yao katika siku zake za mwisho, na kwa sababu hadi dakika hii wote wanne ni wazima.

Kaka, lala kwa amani, umefanya sehemu yako. Roketi je? Bado.